Gari Lisilo na Bunduki

Kigali, Aprili 1994. Gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu wa Rwanda linakaribia kizuizi cha barabarani. Ndani wamelazwa majeruhi. Mji mzima umejaa vizuizi vya namna hiyo: gogo au mawe katikati ya njia, vijana wenye mapanga na marungu, na mara nyingi redio pembeni. Kituo kimoja cha redio, RTLM, kimekuwa kikiwaambia wasikilizaji wake kwamba Msalaba Mwekundu haubebi wagonjwa, unabeba maadui waliojifanya wagonjwa. Gari likasimamishwa, majeruhi wakashushwa, wakauawa palepale. Ilikuwa tarehe 14 Aprili, wiki moja tu tangu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaanze.

Sikuanza na habari hii ili mkose usingizi. Ina sehemu ya pili, ambayo haisimuliwi sana, na tutaifikia. Kwanza tuliangalie gari lenyewe. Halikuwa na bamba la chuma la kuzuia risasi. Aliyekuwa kwenye usukani hakuwa na bastola. Lilichokuwa nacho ni msalaba mwekundu juu ya rangi nyeupe, basi. Nani alidhani kwamba alama hiyo inaweza kumzuia mtu mwenye panga?

Tumtafute huyo mtu. Anaitwa Henry Dunant, wa Geneva, nchini Uswisi, na tunamkuta kaskazini mwa Italia mwezi Juni 1859 akiwa na umri wa miaka 31. Si daktari, si mwanajeshi, wala hakwenda huko kumsaidia mtu yeyote. Alikuwa na biashara ya vinu vya kusaga nafaka Algeria, mambo yamemkwama, akasafiri kumtafuta mtawala wa Ufaransa, Napoleon wa Tatu, amtatulie shida zake. Amevaa suti nyeupe, kama mtu anayetaka kupendeza mbele ya mkubwa. Mtawala huyo naye ana shughuli nyingine: yuko vitani dhidi ya Austria. Tarehe 24 Juni majeshi hayo yalikutana karibu na kijiji cha Solferino, na jua lilipozama watu wapatao 40,000 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au hawajulikani walipo. Siku moja tu.

Dunant alifika mji wa jirani, Castiglione, jioni hiyo. Majeruhi walikuwa wakimiminika kwa mikokoteni na kwa miguu. Makanisa yakajaa, nyumba zikajaa, wengine wakalazwa barabarani juu ya majani makavu. Madaktari wa jeshi walikuwa wachache mno. Watu hawakuwa wakifa kwa risasi peke yake. Walikufa kwa kiu, kwa vidonda vilivyooza, kwa kukosa mtu wa kuwafunga kitambaa. Basi yule mfanyabiashara akakunja mikono ya suti yake. Wanawake wa mji wakaja na maji, supu na vitambaa. Wavulana wadogo, wa umri wenu hivi, wakawa wanakimbia na ndoo kutoka kisimani hadi kanisani na kurudi, siku nzima.

Hapo ndipo kuna jambo ninalotaka mlishike. Waliolala kanisani hawakuwa wa upande mmoja. Walikuwepo Wafaransa, walikuwepo Waitalia, na walikuwepo Waaustria, yaani adui aliyekuwa akiwapiga jana yake. Wanawake wa Castiglione hawakuuliza nani ni nani. Walisema hao wote ni ndugu, wakaendelea kuosha vidonda. Dunant naye akaomba madaktari wa Austria waliokuwa wametekwa waachiwe huru wawatibu wagonjwa, na wakaachiwa. Fikirini: daktari wa adui anatoka kifungoni, anavaa aproni, anamtibu askari wa jeshi lililomteka.

Mwaka 1862 Dunant aliandika kitabu kuhusu aliyoyaona, akakichapisha kwa fedha zake na kukituma kwa wafalme, majenerali na waheshimiwa wa Ulaya. Alitaka mambo mawili. Kila nchi iwe na kikundi cha watu wa kujitolea waliofunzwa mapema, kabla vita havijaja. Na nchi ziahidiane kwa maandishi kwamba mgonjwa wa vita na anayemtibu hawatashambuliwa. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wanne wa Geneva walianzisha kamati, ndiyo mwanzo wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Tarehe 22 Agosti 1864 nchi 12 zikatia saini Mkataba wa kwanza wa Geneva. Ulikuwa mfupi, vifungu kumi tu. Humo ndimo ulimokubaliwa msalaba mwekundu juu ya rangi nyeupe, yaani bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi. Miaka kumi na miwili baadaye, katika vita vyake na majirani, dola ya Waturuki ilianza kutumia hilali nyekundu badala ya msalaba, na leo alama zote mbili zina nguvu sawa kisheria. Tangu 2005 kuna ya tatu, kristali nyekundu, kwa wanaoona kwamba mbili za mwanzo zina harufu ya dini.

Dunant mwenyewe alifilisika, akahama Geneva na kusahauliwa kwa miaka mingi, mpaka alipokumbukwa uzeeni na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1901, ya kwanza kabisa kutolewa. Habari yake ni ndefu na ina machungu, siku nyingine.

Sasa angalieni ule mkataba wa 1864 uliacha nini. Ulimlinda askari aliyejeruhiwa na daktari wake. Mama aliyekuwa shambani mwake hayumo. Mtoto wa shule hayumo. Mwaka 1864 watu wengi waliamini kwamba vita ni shughuli ya askari kwa askari huko uwandani. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, mamilioni ya raia walikuwa wameuawa: kwa mabomu yaliyodondoshwa juu ya miji, kwa njaa, na katika kambi ambako Wanazi waliwaua Wayahudi na wengine. Ile methali ya tembo wawili na nyasi mmefundishwa tangu madarasa ya chini. Basi nyasi zilipata mkataba wao tarehe 12 Agosti 1949. Siku hiyo ilikubaliwa Mikataba minne ya Geneva: wa kwanza kwa majeruhi wa nchi kavu, wa pili kwa wa baharini, wa tatu kwa mateka wa vita, na wa nne kwa raia. Leo nchi zote duniani zimeikubali. Sidhani kuna makaratasi mengine mengi ambayo nchi zote duniani zimeyatia saini.

Najua kuna mkono umeshanyanyuliwa huko nyuma. Askari aliyejeruhiwa naye ni raia? Hapana, bado ni askari. Lakini aliyeanguka kwa jeraha, au aliyetupa silaha na kujisalimisha, hapigwi tena. Na akifikishwa hospitalini anatibiwa kwa kadiri ya ukubwa wa jeraha lake. Jenerali mwenye kidonda cha mkono atamsubiri adui yake anayevuja damu tumboni.

Je, hospitalini kukifichwa bunduki? Swali zuri, na majeshi hulitumia sana kama kisingizio. Hospitali inayotumiwa kumshambulia adui inaweza kupoteza ulinzi wake. Lakini lazima kwanza litolewe onyo, na wanaoitumia wapewe muda wa kuacha. Hata onyo likipuuzwa, wagonjwa waliomo bado ni wagonjwa, na kamanda anatakiwa kuwafikiria.

Swali la tatu ndilo gumu, na wakubwa wengi huwadanganya watoto hapa. Je, sheria inasema raia yeyote akifa vitani basi ni uhalifu? Haisemi hivyo. Inakataza kumlenga raia. Inakataza kupiga ovyo bila kutofautisha. Inakataza kupiga shabaha ya kijeshi ikiwa raia watakaoumia ni wengi kupita kiasi ukilinganisha na faida ya kijeshi inayotarajiwa. Lakini "kupita kiasi" ni kiasi gani? Hapo ndipo wanasheria wa majeshi na wanasheria wa wahanga hubishana mpaka leo, na mimi nadhani majeshi yamejipimia kwa kibaba kikubwa mno. Hata hivyo sheria ipo, na bila hiyo hata mabishano yasingekuwepo.

Na polisi wa sheria hii yuko wapi? Kwa kawaida ni nchi yenyewe: inatakiwa kuwashtaki askari wake. Isipotaka au isipoweza, ipo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Hukumu yake ya kwanza, mwaka 2012, ilimhusu Thomas Lubanga wa Ituri, mashariki mwa Kongo, aliyepata kifungo cha miaka 14 kwa kuwaingiza vitani watoto walio chini ya miaka 15. Mwaka 2019 Bosco Ntaganda, aliyekuwa kamanda katika kundi hilohilo, akahukumiwa miaka 30 kwa makosa mengi, kuwashambulia raia likiwa mojawapo. Hao ni wawili; wengi hawajawahi kukanyaga mahakamani. Polisi wa sheria hii ni mchache na miguu yake mizito.

Kwa hiyo mtoa misaada anayesafiri leo hawezi kumtegemea. Anategemea kitu kingine, na hicho nataka niwaonyeshe kwa karibu. Twendeni Kivu, upande wa Goma, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya kizuizini.

Gari la misaada haliondoki tu kwa kuwashwa. Kabla ya safari mtu amekaa na simu akiwapigia wote wenye bunduki kwenye njia hiyo: jeshi la serikali, waasi, na makundi ya vijiji. Kesho saa mbili asubuhi, magari mawili meupe, namba zake hizi, watu sita, mzigo ni dawa. Anasubiri kila upande ukubali. Upande mmoja ukisema hapana, magari yanalala. Kwenye kioo kuna kibandiko cha bunduki iliyokatwa kwa mstari mwekundu, maana yake humu hakuna silaha. Kukiwa na mtu ofisini anayefuatilia kwa redio, dereva anamjulisha kila mahali anapofika.

Kizuizi kikionekana, dereva anapunguza mwendo mapema. Anashusha vioo, anavua miwani ya jua, anazima muziki, mikono inabaki juu ya usukani ionekane. Giza likiwa limeingia anawasha taa ya ndani. Halafu anasalimia, na atamwita askari "mukubwa", hata kama huyo mukubwa ni mdogo kuliko kitinda mimba wake. Wala hana haraka. Mara nyingi askari hana nia mbaya. Anataka sigara, anataka lifti mpaka njia panda. Na hilo la lifti ndilo gumu kuliko yote. Ukimpakia askari mmoja mwenye bunduki, hata kwa kilomita mbili, hata kama anaumwa mguu, kibandiko chako kimekuwa uongo. Upande wa pili ukiwaona, safari ijayo hutapita, au utapita na kupigwa. Kwa hiyo dereva anakataa, akitabasamu, mbele ya mtu mwenye bunduki. Ukiniuliza ujasiri wa vita uko wapi, nitakupeleka hapo.

Hospitali ya Ndosho, mjini Goma, inafuata kanuni hiyohiyo. Madaktari wa Msalaba Mwekundu wamekuwa wakipasua majeruhi pale kwa miaka mingi. Silaha zinaishia getini. Ndani kuna raia, kuna askari wa serikali, kuna waasi, na vitanda havina vyama. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, majeruhi walikuja wengi kuliko vitanda, wakalazwa chini.

Msichanganye watoa misaada na walinda amani. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa ni askari, wana silaha, na wengine ni wa kwetu. Mwaka 2013 Baraza la Usalama liliunda kikosi maalumu cha Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kwenda kupambana na makundi yenye silaha huko Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi yao ya Semuliki katika wilaya ya Beni ilishambuliwa, na Watanzania wasiopungua 14 waliuawa. Walikwenda kuwalinda raia, tena kwa silaha, na hilo lina heshima yake. Lakini ndiyo maana watoa misaada wengi hawapendi kusafiri katika msafara wao. Askari akikulinda kwa mtutu, adui yake anakuhesabu wewe kuwa wa upande wake. Na magari yote ni meupe! Mtu aliye kilimani na bunduki, macho yamemchoka, atatambuaje?

Sasa turudi Kigali, kwenye ile sehemu ya pili.

Mkuu wa Kamati ya Msalaba Mwekundu nchini Rwanda alikuwa Mswisi anayeitwa Philippe Gaillard. Desturi ya kamati yake ni kunyamaza. Inazungumza na wenye bunduki faraghani, haiwaaibishi hadharani, ili kesho imfikie mfungwa au mgonjwa mwingine. Balozi nyingi zilikuwa zinafunga, wageni wanakimbilia ndege. Baada ya majeruhi wale kuuawa, Gaillard na wenzake walisimamisha magari, kisha wakafanya kinyume cha desturi: wakasema hadharani kilichotokea. Vyombo vya habari vya dunia vikalitangaza. Serikali iliyokuwa ikisimamia mauaji, iliyokuwa haisikii kilio cha mtu, ikaona aibu kwa hili. Na redio zilezile zilizokuwa zikieneza uongo zikaanza kutoa matangazo ya kueleza kazi ya Msalaba Mwekundu, kwamba majeruhi waachwe wapite.

Na magari yakapita. Vizuizi vilevile, mapanga yaleyale. Gaillard na wenzake walibaki Kigali, wakaendesha hospitali ya muda iliyopigwa mizinga zaidi ya mara moja, na maelfu ya majeruhi wakatibiwa humo. Haikuzuia mauaji ya kimbari. Watu zaidi ya 800,000 waliuawa kwa takriban siku mia, na miongoni mwao walikuwemo watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Rwanda. Lakini kuna watu wazima wenye wajukuu leo kwa sababu kijana fulani kizuizini alisikia tangazo na akaliondoa gogo.

Alama ile ile, siku chache tofauti. Mara ya kwanza haikuzuia kitu, mara ya pili ilizuia. Rangi haikubadilika. Kilichobadilika ni kile ambacho mtu mwenye panga aliamini kuhusu gari lile, na kama aliamini kuna mtu anamtazama.

Ndiyo maana ukweli kuhusu gari la wagonjwa hupiganiwa kama mlima au daraja. Tarehe 23 Machi 2025, huko Rafah, Gaza, askari wa Israeli waliwafyatulia risasi wahudumu waliokuwa wakiwafuata majeruhi. Waliouawa walikuwa 15: wanane wa Hilali Nyekundu ya Palestina, sita wa kikosi cha uokoaji na mmoja wa Umoja wa Mataifa. Jeshi lilisema kwanza kwamba magari yalikuja gizani bila taa. Kisha ikapatikana video katika simu ya mmoja wa marehemu. Magari yanaonekana wazi, taa za dharura zinamulika, alama ziko mahali pake. Jeshi likabadili maelezo, likakiri makosa ya kiutendaji na kumwondoa ofisa mmoja, huku likidai baadhi ya waliouawa walikuwa wa Hamas. Hilali Nyekundu iliyakataa maelezo hayo. Bila simu ile, maelezo ya kwanza ndiyo yangebaki kuwa habari.

Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba mwaka 2024 watoa misaada 383 waliuawa duniani, karibu nusu yao Gaza, na wengi wengine Sudan. Mkisikia "mtoa misaada" pengine mnamwona mgeni kutoka Ulaya amevaa kizibao. Wengi wa wanaouawa ni watu wa nchi ileile: dereva, muuguzi, mlinzi wa ghala, mtu ambaye familia yake iko mitaa miwili tu kutoka hapo.

Nyinyi mko mbali na vizuizi hivyo, nashukuru. Lakini kuna jambo la alama hii liko mtaani kwenu. Tembeeni mpaka duka la dawa la jirani, mtazame ubao wake. Mara nyingi mtakuta msalaba mwekundu. Mtaukuta kwenye zahanati za watu binafsi, kwenye sanduku la huduma ya kwanza ndani ya basi, kwenye fulana. Mikataba ya Geneva inakataza, hata wakati wa amani, kwa sababu ile ile ya kizuizini: mtu aliyezoea kuona alama hiyo kwenye duka linalouza panadol na sabuni hatashtuka akiiona vitani. Mwaka 2017 watengenezaji wa mchezo wa kompyuta wa Prison Architect waliandikiwa na Msalaba Mwekundu wa Uingereza kwa sababu magari ya wagonjwa ndani ya mchezo yalikuwa na msalaba mwekundu. Waliubadili, ukawa wa kijani.

Huduma ya kwanza ina alama yake, msalaba mweupe kwenye rangi ya kijani. Mwenye duka ukimweleza atasema ubao aliukuta hivyohivyo, na pengine ni kweli. Mwamkieni kwanza, mwelezeni bila kumwonyesha kidole, na mkumbusheni kwamba kopo la rangi ya kijani bei yake ni ile ile ya nyekundu.